Kava la feni: libaki, litolewe, au ufunge feni ya umeme?

Dereva mmoja wa Canter ya kubeba dagaa alinijia gereji, Nyakato hapa Mwanza, akiwa ameshabadilisha rejeta (kipoza maji ya injini), wota pampu na thamostati, na gari bado linachemsha. Kutoka Sengerema anakuja vizuri kabisa. Anavuka daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 juu ya maji, mshale wa joto umetulia. Usagara shwari, Buhongwa shwari. Akikuta foleni Mkuyuni mshale unaanza kutambaa, na hadi anafika Igogo hana budi kuegesha pembeni asubiri gari lipoe, mzigo wa watu ukiwa unasubiriwa soko la Mwaloni.

Nilipoinua kichwa cha gari nikaona feni inazunguka peke yake, wazi pande zote.

“Kava la feni liko wapi, kaka?”

“Fundi wa kwanza alilitoa. Alisema linaziba hewa.”

Hilo neno, “linaziba hewa”, nimelisikia mara nyingi mno, na limewagharimu watu hedi, yaani vichwa vya silinda vya injini. Ndiyo maana naandika. Mwenye gari akiambiwa kava limepasuka, au linagusana na feni, au halina kazi, ana njia nne mbele yake: kurudisha kava la kiwandani, kutembea bila kava, kuchongesha kava la bati, au kuachana na feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini yenyewe, na kufunga ya umeme. Tuziweke ubavu kwa ubavu.

Kava linafanya nini hasa

Hewa ina tabia ya maji: inapita penye wepesi. Rejeta ni ukuta wa mapezi membamba, kuvuta hewa kupitia humo kunahitaji nguvu. Feni ikiwa wazi haihangaiki na ukuta huo. Inavuta hewa ya pembeni, ile iliyokwisha kupashwa moto na injini, inaitupa nyuma, inairudisha tena kuizunguka ncha za mapanga yake. Utaona feni inapiga kelele, utasikia upepo mkali ukiweka mkono nyuma yake, na utaamini inafanya kazi. Upepo huo mwingi haukupita kwenye rejeta.

Kava linaifunga njia hiyo ya mkato. Linaikumbatia rejeta kwa pembe zake zote, kisha linajikusanya kuwa duara linaloizunguka feni kwa karibu, ili kila hewa inayovutwa iwe imepita kwenye mapezi.

Kuna na hesabu ya umbo. Rejeta ni mstatili, feni ni duara. Chukua rejeta ya sentimita 60 kwa 45: eneo lake ni sentimita za mraba 2,700. Feni ya kipenyo cha sentimita 40 inafunika kama 1,260. Haifiki nusu. Bila kava, gari likiwa limesimama, zile pembe nne hazipati hewa ya maana, na maji yanayopita huko yanarudi kwenye injini yakiwa bado na moto wake. Umenunua rejeta nzima, unatumia chini ya nusu.

Mtu asiyeamini achukue karatasi ya kawaida ya daftari. Gari likiwa limeshapata moto na liko sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, aiweke mbele ya rejeta, katikati. Itanata. Aisogeze kwenye kona. Penye kava itanata kwenye kona pia, hata kama ni kwa unyonge kidogo. Pasipo kava itateleza na kuanguka chini. Nilimfanyia yule dereva wa Canter kipimo hiki mbele ya macho yake, kona zote nne, na karatasi ikaanguka mara nne. Hakuhitaji maelezo mengine.

Na kava, bila kava

Barabarani, kuanzia mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, tofauti ni ndogo. Upepo wa mwendo unajisukuma wenyewe kwenye rejeta, feni karibu haina kazi. Niseme na ukweli unaowapa nguvu wanaotoa kava: kwa mwendo mkubwa kava linaweza kuuzuia upepo huo kidogo, kwa sababu umelazimishwa kupita kwenye tundu la feni. Viwanda vinalijua hilo. Makava mengine yamewekewa vilango vya mpira vinavyofunguka vyenyewe upepo ukizidi na kujifunga gari likipunguza mwendo. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza hakutoa maneno yake hewani. Kosa lake ni kuchukua jambo la barabara kuu na kulipeleka kwenye foleni.

Kwenye foleni tofauti ni ya usiku na mchana. Gari linalopanda Bugando kwa gia ya kwanza, au Hiace iliyojaza abiria inayosubiri Igoma saa kumi na moja jioni, haina upepo wowote isipokuwa ule wa feni. Ukiwasha AC ndiyo zaidi, maana kondensa, kipoza gesi ya AC, iko mbele ya rejeta na inamwaga joto lake humo humo. Mwenye gari lisilo na kava mara nyingi huanza kulalamikia AC kabla hata ya mshale kupanda: barabarani inapoza, akisimama inapuliza vuguvugu. Anaongezewa gesi, wakati gesi imejaa.

Sisi wa huku tuna jambo la ziada. Ziwa letu, Victoria, liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo wa kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, ndicho kipimo cha mgandamizo wake, kinaongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Lakini mpira wa kifuniko ukichoka, unarudi kwenye 96, na injini nyingi zinafanya kazi kati ya 85 na 95. Nafasi iliyobaki ni nyembamba. Mtu wa Dar es Salaam mwenye kifuniko kibovu ana nyuzi nne zaidi za kuponea.

Kava pia linakinga mikono. Feni ya mkanda haina huruma, na nimeona kidole cha kijana mwanafunzi wa gereji kikishonwa kwa sababu tu aliinama kukaza klipu ya hozipaipu gari likiwa linanguruma.

Upande wa kulitoa una faida moja ninayoikubali bila ubishi: wepesi wa kazi. Kubadilisha mkanda, kuona uvujaji wa wota pampu, kuosha rejeta kwa nyuma, yote ni rahisi kava likiwa chini. Basi litolewe, kazi ifanyike, lirudishwe siku hiyo hiyo.

Kwa nini linatolewa na halirudi

Mara nyingi kava halikuwa na kosa. Feni ilianza kulikwaruza, “krrr” ukikanyaga mafuta, likapasuka, likatolewa ili kelele ziishe. Lakini feni haihami yenyewe. Imeshikwa na injini, na injini imekaa kwenye mauntini, vile vishikizi vya mpira. Mpira ukilainika kwa mafuta au ukikatika, injini inashuka sentimita moja au mbili, na inaruka kila ukibadilisha gia. Kava limefungwa kwenye rejeta, halishuki nayo. Wanagusana.

Kwa hiyo ukiambiwa kava linagusana na feni, muulize fundi hali ya mauntini. Mfunguo wa kawaida kati ya ncha ya panga na kava kwenye feni ya mkanda ni kama sentimita 2 kuzunguka pande zote. Ikiwa juu una sentimita 4 na chini karibu sifuri, injini imeshuka, na mgonjwa wako si kava. Ukilitoa kava ukaacha mauntini, siku moja ni feni itakayoifuata rejeta yenyewe.

Sababu nyingine ni klipu zilizovunjika na bolti zilizopotea. Hizo ni za kununua, si za kusamehe. Plastiki iliyopasuka inashonwa: unapasha waya mwembamba moto, unauzamisha kuvuka ufa kama nyuzi za daktari, kisha unayeyushia kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo juu yake. Nimeshona makava ya Prado na Hilux kwa njia hii, na yamekaa.

Kava la bati

Kwa magari makubwa na ya zamani ambayo kava lake la kiwandani halionekani sokoni, fundi bati mzuri anakutengenezea. Hii ndiyo njia niliyomshauri yule wa Canter, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoidharau.

Kinachoamua ni vipimo. Kwanza, kava lifunike rejeta hadi ukingo, na pembeni liwekewe mpira au sponji ngumu ili hewa isiibiwe. Pili, duara lake liwe na shingo, si tundu lililokatwa tu kwenye bati bapa. Feni ikae ndani ya shingo hiyo nusu, nusu nje. Ikizama yote ndani, inashindwa kutupa hewa pembeni. Ikibaki yote nje, umerudi kule kule kwenye feni wazi. Tatu, bati lisilalie rejeta. Kati ya mapezi na bati pawe na nafasi ya kutosha kwa hewa ya pembeni kusafiri hadi katikati. Kava lililobanwa kabisa kwenye rejeta linaziba kweli, na hilo ndilo hustahili lawama ya yule fundi.

Udhaifu wa bati ni kutu, mtetemo, na ukali. Plastiki ikiguswa na feni inalika. Bati likiguswa linakata panga. Kwa hiyo mauntini kwanza, kava baadaye. Kunja kingo zote, zipake rangi, funga kwa bolti zenye raba. Tulipomaliza la Canter ile tukarudia karatasi. Kona ya chini kulia ilikuwa inanata kwa shida, tukagundua sponji imejikunja. Tukainyoosha. Ikanata.

Feni ya umeme

Wenye IST, Vitz, Passo na wenzao hawana uchaguzi huu: magari yao yametoka kiwandani na feni ya umeme, na kava ndilo linaloshikilia mota yenyewe. Nawazungumzia wenye feni ya mkanda wanaofikiria kuhama.

Wanaohama wana sababu. Feni ya mkanda inafuata mzunguko wa injini, kwa hiyo sailensa, pale unapoihitaji zaidi, inazunguka polepole. Ya umeme inapuliza kwa nguvu ile ile gari likiwa limesimama. Haiibi nguvu ya injini muda wote. Na mvua ikijaza maji barabarani karibu na Mto Mirongo, mapanga ya feni ya mkanda yakipiga maji yanaweza kupinda mbele na kuichana rejeta. Ya umeme unaweza kuizima kwa swichi kabla ya kuingia.

Hayo ni mazuri, na kwa gari dogo la petroli la mjini naweza kukubali. Tatizo ni jinsi inavyofungwa. Nimeona feni za umeme zimening'inizwa kwenye rejeta kwa vibanio vya plastiki vilivyopitishwa katikati ya mapezi, bila kava. Hapo umepoteza mara mbili: feni inavuta duara lake tu, na vibanio vinasugua mirija hadi inavuja. Feni ya umeme inahitaji kava lake kuliko hata ile ya mkanda, kwa sababu kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Halafu umeme wenyewe. Mota hizi hula ampea 10 hadi 30. Zinataka relei, fyuzi, waya mnene, na sensa ya joto inayoziwasha zenyewe. Swichi ya mkono peke yake haitoshi, kwa kuwa siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku ya foleni. Feni ya mkanda ikianza kufa inakupa dalili, inalia, inapungua. Ya umeme inakufa kimya, kwa fyuzi ya bei ya soda.

Kwa gari la dizeli linalobeba mzigo, Canter, Fuso, Hilux ya shamba, Hiace ya abiria, mimi nasema baki na feni ya mkanda na kava lake. Ile feni kubwa inasukuma hewa ambayo mota mbili ndogo haziifikii. Wenye Prado yenye injini ya 1KZ nawasisitizia zaidi, hedi ya injini ile inajulikana kwa kupasuka ikichemka, na hakuna feni ya umeme ya mtumba inayolingana na thamani yake.

Kabla ya kuhama, pima feni klachi, kile kifaa cha katikati kinachoishikisha feni na puli. Mara nyingi feni ya mkanda inalaumiwa kumbe klachi yake imekwisha. Ndani ina mafuta mazito ya silikoni, na mbele ina springi ndogo inayohisi joto la hewa itokayo kwenye rejeta na kuifanya feni ishike. Zima gari likiwa la moto, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa inakataa kwa uzito, ni nzima. Ikiendelea kujizungukia mizunguko kadhaa kama pangaboi, au ukiona michirizi ya mafuta yaliyoshika vumbi katikati yake, klachi hiyo badilisha, na feni ya umeme usiifikirie tena.

Kulitoa bila kuharibu

Gari lipoe kabisa. Mwenye feni ya umeme achomoe terminali hasi ya betri, kwa sababu feni hizo zinaweza kuwaka gari likiwa limezimwa. Kifuniko cha rejeta usikifungue kikiwa cha moto, hata kwa kitambaa.

Angalia kama hozipaipu ya juu inapita juu ya kava. Ikiwa inapita, punguza maji kwanza kwa bomba la chini, uyakinge kwenye beseni safi kama kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, bado ni nzuri. Chomoa mpira wa tenki la akiba. Makava mengi ya Toyota yana bolti za spana namba 10, mbili juu na nyingine pembeni, na chini linakaa kwenye ndoana mbili. Mengine yana vipande viwili, cha chini kinatoka kwa klipu, na hilo ni raha.

Kava la kipande kimoja halipiti feni ikiwa imefungwa. Hapo legeza nati nne za feni klachi kwanza, mkanda ukiwa bado umekaza, la sivyo puli itazunguka pamoja na spana yako. Kisha toa mkanda, malizia nati, na nyanyua feni na kava pamoja. Kabla hujanyanyua, weka kipande cha boksi kati ya feni na rejeta. Dakika moja ya boksi inaokoa mapezi ambayo panga moja likiyagusa litayalaza yote. Feni klachi iegemeze ikiwa wima kama inavyokaa kwenye gari. Ukiilaza kifudifudi usiku mzima mafuta yake yanaweza kuhama au kuvuja.

Kava likiwa nje, osha rejeta kutoka nyuma kwenda mbele kwa maji ya taratibu. Sisi wa kando ya ziwa tuna wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka majini kama moshi. Wanaziba kondensa na mapezi hadi yanakuwa kama blanketi. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza mapezi. Na ukijaza tena, jaza kulanti. Maji ya ziwa yanaleta tope na mwani ndani ya mirija.

Wakati wa kurudisha, zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha, ukiangalia nafasi juu, chini na pembeni.

Kava la chini ya injini

Hili linatolewa hata kirahisi zaidi, kila gari likiburuza tumbo kwenye barabara za mawe za Isamilo. Lina kazi mbili. Linakinga sampu (beseni la oili), mkanda na alterneta dhidi ya mawe na tope, na kwenye magari mengi linaungana na bampa kuielekeza hewa iende kwenye rejeta badala ya kupotelea chini. Likikosekana, gari linaweza lisichemke mjini, lakini likapanda joto kwenye mwendo, kinyume kabisa na dalili za kava la feni. Nikisikia “barabara kuu ndiyo linachemsha”, nachungulia chini kwanza. Ukilipata la mtumba, lifunge. Ukikosa, linasubirika, tofauti na la feni.

Pampu za umwagiliaji na Bajaji

Injini zisizo na maji nazo zina makava, na huku kuyatoa ni hatari zaidi. Bajaji nyingi zinapozwa kwa feni inayosukuma hewa ndani ya kava la plastiki lililozunguka silinda. Pampu ndogo za petroli wanazotumia wakulima wa mboga kando ya ziwa ni vivyo hivyo: flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ina mapezi yanayotupa hewa, na lile kava la bati ndilo linaloigeuza hewa hiyo ipite kwenye silinda. Likitolewa, hewa inatawanyika pembeni na silinda haipati kitu.

Linatolewa kwa sababu kamba ya kuwashia imekatika au springi yake imekufa, na mtu anataka kuzungushia kamba yake mwenyewe. Mama mmoja aliniletea pampu iliyokwama pistoni kwa sababu hiyo hiyo. Ukitazama vizuri, hayo ni makava mawili. Dogo la mbele, lenye kamba, limeshikwa na bolti tatu peke yake. Litoe hilo tu, zungushia kamba kwenye kikombe kilichobaki wazi katikati, na lile kubwa liache mahali pake hadi utakapopata springi.